Mwezi Ndulu Alipokatazwa Kuinama

Wako watu wanaojua kulima, wako wanaojua kupika, na wako wengi mno wanaojua kusema. Mtu anayejua kukaa ni nadra. Sisemi kukaa kwa uvivu, huko hata mbwa wangu anakujua. Nasema kukaa kwa mtu aliyemaliza kazi yake, akavuta kigoda nyuma ya nyumba yake, akanyoosha miguu, akatafuna hindi lake la kuchoma punje kwa punje kana kwamba hakuna anayemngoja popote duniani. Jirani yangu Kalunde anajua kukaa hivyo. Mimi sijui. Mimi ni Mwihaki, mke wa Kiragu, mwenye duka la kona, na mara chache nilizokaa vizuri maishani nilikuwa nimetoka kujifungua.

Kalunde na mumewe Masila walikuja Kitengela mwaka wa tisini na sita, wakitoka chumba cha kukodisha Athi River. Masila alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha saruji kule. Walinunua ploti nyuma ya duka letu, na siku hizo ukisimama mlangoni uliwaona nyumbu wakipita nyasini kama watu wanaokwenda sokoni. Walianza na vyumba viwili vya mabati, mawe yakaja baadaye. Kabla mlango haujatiwa komeo, Kalunde alikuwa ameshashika jembe.

Hapo ndipo nilipopata kicheko cha mwaka. Kwao ni Mbooni, milimani Ukambani, na kwao mbegu hutiwa ardhini kabla ya mvua, udongo ukiwa bado mkavu. Mvua ifike ikute mbegu inangoja. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake na mama yake. Basi Oktoba akapanda shamba zima bila tone la maji. Mimi nilimwona nikanyamaza, kwani nani amwambie Mkamba namna ya kungoja mvua? Lakini udongo wetu ni ule mweusi unaonata. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kumeza kiatu cha mtoto, na mvua ikinyesha maji hukimbilia kwenye nyufa hizo na kila kitu kilichoko njiani. Mbegu za Kalunde zilisombwa zikaingia huko. Mahindi yalipoota hayakuota kwa mistari aliyoipiga, yalifuata nyufa: yanakwenda, yanapinda, yanarudi, kama mtu anayetoka kilabuni.

Nilisimama kwenye ua wetu wa kayaba nikacheka mpaka Kiragu akatoka dukani kuona nimepatwa na nini. Kalunde alinitazama, akalitazama shamba lake, akaanza kucheka na yeye.

"Cheka tu, Mama Duka," akasema. "Hii mahindi imelewa, lakini itazaa."

Ikazaa. Mwaka uliofuata alingoja mvua ya kwanza ilainishe ardhi, akainua matuta ili maji yasituame, akabeba samadi ya mbuzi kwa magunia kutoka kwa majirani Wamaasai. Wanasema mwacha asili ni mtumwa, lakini asili ya Mbooni haikuyajua matope ya Kitengela, na Kalunde hakuwa mtu wa kubishana na matope. Mvua kubwa za mwisho wa tisini na saba zilipozamisha mashamba ya wengine, yake yalikuwa juu ya matuta yakitushangaa.

Nikueleze joto lilivyokuwa kwake. Mvua fupi zikiisha, kuanzia Krismasi mpaka mwisho wa Februari, jua letu huwaka bila huruma na vumbi hupanda. Watu wengi hujifungia ndani wakilalamika. Kalunde yeye alianza kufurahi. Asubuhi alijaza mabeseni maji ya punda, yaani yale yanayoletwa na mikokoteni ya punda kutoka kisimani, yenye chumvi kiasi kwamba chai yetu haihitaji maziwa ila msamaha. Aliyaacha juani. Saa kumi yalikuwa ya vuguvugu, na watoto wake, Munyiva na wadogo zake wawili, wakaogea nje wakipiga kelele. Maji hayo yalikwenda kwenye mipapai. Maji ya kuoshea mboga yalikwenda kwenye maboga. Hakuna tone lililopotea pale, hata machozi nadhani angeyaelekeza kwenye sukuma wiki. Halafu jua likianza kuinama na upepo kuja wa baridi kutoka upande wa milima ya Ngong, alitandika mkeka kwenye kivuli cha ukuta wa nyuma, akakaa na wanawe, wakala papai lililokatwa vipande vikubwa, na walikuwa hawasemi jambo lolote la maana. Nami nikiwa dukani nikipima sukari niliwasikia wakicheka, nikawaonea wivu wa wazi.

Lakini Masila hakuwa pale. Kwake yeye Kitengela ilikuwa kambi. Neno hilo alilipata kwa mama yake, Ndulu. Ndulu alikuwa na falsafa yake: mtu ana nyumbani, halafu ana kambi. Kambini unalala, unaamka, unakwenda kazini, na mtu mwenye akili hapambi kambi. Kwa hiyo kila siku ya mapumziko Masila alipanda basi kwenda Mbooni, ambako alikuwa anajenga nyumba ya kweli karibu na mama yake. Kila Desemba familia nzima ilifunga mlango wa Kitengela ikaenda huko, wakati ule ule maharagwe yakikomaa na mahindi yakitoa ndevu. Walikuwa wakirudi shule zinapofunguliwa wanakuta mbuzi wamejialika. Kalunde alikusanya kilichobaki bila kununa. Nyumba yake ya mawe haikuwa na plasta, na Ndulu mwenyewe aliyeiita kambi hakuwahi kuikanyaga.

Mwisho wa mwaka elfu mbili na mbili akaja mtu wa Nairobi mwenye gari kubwa. Alikuwa amenunua ploti ya jirani, na alitaka na ya Masila aziunganishe ajenge nyumba za kupangisha. Masila alifurahi. Mpango ulikuwa rahisi: wauze, wamalize ile nyumba ya Mbooni, yeye akodishe chumba karibu na kiwanda, na Kalunde na watoto wahamie kwa mama.

Siku hiyo Kalunde alikuja dukani akanunua chumvi. Mtu anayeishi Kitengela ananunua chumvi ya nini? Nikajua kuna neno.

"Nimeambiwa tunauza," akasema.

"Na wewe umesema nini?"

"Nimesema Mwaitu aje akae kwanza." Mwaitu ni mama, ndivyo alivyomwita mama mkwe wake. "Yeye ndiye anasema hapa ni kambi, na hajawahi lala hapa hata siku moja. Aje akae, halafu aseme. Akisema tuuze, nitafunga mizigo, sitaongea neno. Masila amekubali. Huyo mtu wa gari ataambiwa mwisho wa Februari."

Nilikasirika. Nilimwambia amejiweka mwenyewe chini ya kisu na kumpa mama mkwe mpini. Ningekuwa mimi ningelia, ningegoma kupika, ningeita wazee wa kanisa. Kalunde alifunga chumvi yake kwenye pindo la leso.

"Mama Duka, mimi sijui kubishana," akasema. "Lakini najua penye nimekaa."

Ndulu alikuwa na safari ya Nairobi hata hivyo. Alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na katikati ya Januari alipasuliwa, jicho moja kwanza, la pili baadaye kidogo. Daktari akampa masharti ya mwezi mzima: asiinue kitu, asikae penye moshi, asitembee kwenye vumbi, na zaidi ya yote asiiname. Sasa mfikirie mama wa Ukambani ambaye maisha yake yote yalikuwa kuinama. Aliinama akilima, akichota maji, akifagia, akipepeta. Mtu huyo akaletwa Kitengela na bandeji usoni, akawekwa kwenye kiti cha mbao nyuma ya nyumba, akaambiwa akae.

Siku za kwanza zilikuwa vita. Kikamba chao nakielewa vizuri, kwa maana lugha yao na Kikuyu changu ni majirani kama sisi, na ua wa kayaba una matundu.

"Nipe ufagio," Ndulu alisema.

"Hapana, Mwaitu. Daktari amekataa."

"Huyo daktari ni wa macho ama ni wa mgongo?"

"Ni wa yote mpaka mwezi wako uishe. Kunywa chai."

Chai nayo ilikuwa na chumvi. Upepo ulikuwa mkali. Udongo ulikuwa mweusi kama sufuria isiyooshwa. Na hii ilikuwa nchi gani, akauliza, isiyo na hata kilima cha mtu kuegemeza macho? Nikashindwa kuvumilia, nikasema kutoka upande wangu, nikimwita bibi kwa Kikuyu, "Shosho, hicho kilima umekitafuta kwa jicho gani?" Nikadhani nimeharibu. Kisha yule mama akacheka mpaka Kalunde akamkimbilia kumshika, maana hata kucheka sana hatukujua kama daktari ameruhusu. Tangu siku hiyo tulikuwa marafiki. Kila alasiri nilimpelekea nusu mkate na habari zote za Kitengela, za kweli na zile nzuri zaidi.

Masila alichukua likizo yake ili ampeleke mama kliniki. Kwa hiyo ikawa mara ya kwanza, tangu wanunue pale, kushinda nyumbani kwake mchana wakati wa joto na hana pa kwenda. Siku mbili tatu alizunguka ploti kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akakaza bawaba, akanyoosha waya wa kuanikia nguo, akatafuta kitu kingine kilichoharibika asikione. Mwishowe akakaa mkekani, na watoto wakampanda. Jioni moja alisikia mluzi mtamu kwenye mipapai, akauliza ni ndege gani. Kalunde akamwambia ni Munyiva. Yule baba alikuwa hajui kwamba binti yake wa miaka tisa anaweza kupiga mluzi. Nilimwona uso wake. Sitaki kumsema vibaya, alikuwa mwanamume mwema na mchapakazi, lakini nilifurahi kwamba jambo hilo lilimuuma.

Februari ikaingia, bandeji zikatoka, na mahindi mabichi yakawa tayari. Mwaka huo, kwa kumngoja Ndulu, hakuna aliyefunga mlango, hakuna mbuzi aliyejialika. Kalunde aliweka jiko mbali, kwenye kona ya ua ambako upepo ulipeleka moshi upande wangu, akachoma huko, na watoto wakawa wanayakimbiza mahindi kwa bibi yao yakiwa moto. Ndulu meno yake yalikuwa machache lakini yalijuana. Alikaa akilitazama lile hindi kwanza, akaligeuza na kuzitazama punje, kwani alikuwa mgeni wa kuona vitu vidogo. Akatafuna. Akafuta mdomo. Akatafuna tena.

"Si mbaya," akasema.

Kwa mtu wa Mbooni akila hindi la mahali pengine, hiyo ni hotuba. Na akaomba la pili.

Siku zikawa hivyo. Asubuhi alikaa upande wa mbele apate jua la kwanza, alasiri wakamhamishia nyuma. Alimtazama Kalunde akichuma kunde, akimwaga maji ya vyombo kwenye maboga kwa kikombe, shina moja moja. Hakusifu. Aliuliza tu: hayo matuta umeyainua hivyo kwa nini, hii papai ina miaka mingapi, nani alibeba hiyo samadi yote? Kalunde alijibu bila kuacha kazi. Kazi ikiisha alikuja akakaa chini kwenye mkeka, karibu na miguu ya mama mkwe wake, akamenya papai, na wote walitazama upande mmoja kuelekea Ngong. Nilikuwa naangalia hivyo nikisahau wateja. Kiragu alinung'unika kwamba siku hizi duka linaendeshwa kutoka kwenye ua.

Siku moja Masila akashindwa kungoja. "Mwaitu," akasema, "yule mtu wa ploti ananipigia simu. Tumwambie nini?"

Kalunde alikuwa kwenye kunde. Mkono wake ulisimama. Wangu pia, nilikuwa nimeshika kibaba cha unga.

"Nani amekuambia nimemaliza kukaa?" Ndulu akajibu, akaomba chai.

Jibu hilo lilinitesa. Lingeweza kuwa ndiyo, lingeweza kuwa hapana. Mwezi ukaisha, na ikajulikana kwamba Jumatatu Masila atamrudisha mama Mbooni. Jumamosi Kalunde alifua nguo za Ndulu, akazikunja, akazitia kwenye mkoba. Alikuwa mtulivu kama siku zote, na utulivu wake ulinikera. Lakini jioni nilimwona akiimwagilia mipapai maji mara ya pili, maji mazuri ya kunywa, naye huwa hafanyi hivyo. Nikajua moyo wake ulikuwa unaenda mbio kama wa mtu yeyote. Niliingia ndani nikamwambia Kiragu kwamba kama huyu mwanamke ataondoka, nitahama na mimi. Kiragu akasema basi nihame na deni la umeme. Wanaume.

Jumapili daktari alikuwa amemruhusu Ndulu kutoka, kwa hiyo akaja kanisani kwetu kwa mara ya kwanza. Kanisa letu wakati huo lilikuwa la mabati na viti vya plastiki. Alikaa katikati ya Masila na Kalunde, kitambaa kipya kichwani, akisoma kila bango ukutani kwa sababu sasa aliweza kuona yaliyoandikwa. Mimi nilikuwa nyuma yao. Matangazo yalipokwisha mchungaji akafika pale ambapo kila kanisa la Kenya hufika.

"Tuko na wageni leo? Wale wanaabudu na sisi mara ya kwanza, hebu wasimame tuwaone, watuambie majina na wametoka wapi."

Kwetu hakuna kujificha. Mgeni asiposimama, jirani yake atamsimamisha. Akasimama kijana mmoja wa Kajiado, tukampigia makofi. Wakasimama mume na mke kutoka Kiserian, tukawapigia makofi. Kisha macho yote yakageukia kitambaa kipya cha Ndulu. Mchungaji akangoja, akitabasamu. Ndulu naye akamtazama mchungaji kwa macho yake mapya, mikono mapajani.

Kalunde akainama sikioni mwake. "Mwaitu, simama. Ni wageni wanaitwa."

Ndulu hakuwahi kujifunza kunong'ona. Na hakujibu kwa Kikamba, alijibu kwa Kiswahili, makusudi, kanisa lote lisikie.

"Nimesikia wageni wakiitwa, mimi si kiziwi. Lakini mgeni ni nani hapa? Mimi niko kwetu. Niko kwa kijana yangu, na bibi yake, na shamba yao. Mtu akiwa kwao anasimama kusema ametoka wapi?"

Kanisa zima likacheka, kisha likapiga makofi kuliko ya wageni wote waliotangulia. Mchungaji akasema, "Basi kaa, Mama. Sisi ndio tumechelewa kukujua." Kalunde alijifunika uso kwa leso, mabega yakawa yanatikisika. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akilia, hata mbuzi walipomaliza maharagwe. Masila akapitisha mkono nyuma ya kiti cha mama yake, mbele ya watu, ndani ya kanisa, akamshika mke wake bega na hakuuondoa mpaka wimbo ulipoanza. Mimi nililia waziwazi na wala sikuona haya.

Tulipotoka nje Masila aliwasha simu yake, akaenda kusimama kando ya ukuta, akampigia yule mtu wa gari. Sikusikia alichomwambia, maana Ndulu alikuwa amenikamata mkono akitaka kujua kama dukani kwangu kuna mbegu nzuri za kunde. Alisema mkoba wake unaweza kungoja lakini mvua za Machi hazingojei mtu, na sasa ameruhusiwa kuinama.